Nungwi hadi Kizimkazi kwa miguu, pwani ya mashariki: tupange vipi vipande vya kila siku?

mpanda_usambara

Salaam wakuu. Tuko wanne kutoka Dar, milima tumeizoea, pwani hatuijui. Tunataka kuanzia Nungwi tushuke na pwani yote ya mashariki ya Unguja mpaka Kizimkazi, usiku tulale kwenye nyumba za wageni vijijini. Tuna siku 6, tukibana sana 7. Nikipima kwenye ramani ya simu napata kilomita 90 na kitu, ghuba ya Chwaka haimo. Kwa mwendo wa milimani hizo ni siku 4, ila nimeambiwa hesabu hiyo huko haisimami.

Naomba kujua siku zigawanywe vipi, tuanze tarehe gani, ghuba ya Chwaka inavukwaje, na miguuni tuvae nini. Tunafikiria mwisho wa Januari au katikati ya Julai.

---

mkaapwani

Salaam, karibuni Unguja. Mmeanza na kilomita, na hapo ndipo wageni wengi wa pwani hukwama. Anzeni na maji. Ufuo wa mashariki unapanuka na kufinyika mara mbili kila siku, na kuna sehemu maji yakijaa hazipitiki kabisa: mbele jabali au ukuta wa hoteli, chini yake wimbi.

Maji hujaa na kupwa kwa takribani saa 6 na dakika 12 kila upande, na kila siku husogea mbele, kwa wastani dakika 50. Siku za bamvua husogea kidogo zaidi ya nusu saa, siku za maji mafu husogea zaidi ya saa nzima. Bamvua huja na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na huwa kali zaidi siku moja au mbili baadaye. Hapo tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Maji mafu ni mwezi ukiwa nusu, tofauti inashuka mpaka mita 1 na kidogo.

Jambo la kushika ni hili: kwetu bamvua ina saa zake. Mwezi ukiwa mpevu au mpya, maji hujaa karibu na saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Ndiyo maana kina mama wa mwani utawakuta kazini asubuhi siku hizo. Kwa mtembezi ni bahati kubwa, kwa sababu ufuo mpana unaangukia saa za mchana na maji yanarudi wakati mmeshafika. Kwenye maji mafu mambo yanageuka: maji hujaa kama saa 4 asubuhi na kupwa saa 10 alasiri, kwa hiyo nusu ya kwanza ya siku, yenye jua la kuvumilika, mnaipoteza.

Nafasi salama ya kutembea ni saa 3 kabla ya maji kupwa kabisa na saa 3 baada yake. Jumla saa 6. Kwenye mchanga mgumu wenye unyevu mtu mwenye mzigo huenda kilomita 4 kwa saa. Ukihesabu kupumzika na kuzunguka mawe, weka 3.5. Kwenye mchanga mkavu wa juu hushuka mpaka 2 au 2.5 na misuli ya vigimbi inakulaumu. Kwa hiyo kilomita 20 kwa siku ndiyo dari, na dari hiyo msiifikie kila siku.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa tofauti ya maji kwa 12: saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tofauti ikiwa mita 3.6, saa ya kwanza ni sentimita 30 tu na mtu anajiona ana muda wote duniani. Saa ya tatu ni sentimita 90. Kwenye ufuo tambarare kama wa Paje na Jambiani, sentimita 90 za wima ni mamia ya mita za ulalo. Na maji hayaji kutoka mbele peke yake. Huingia kwanza kwenye mifereji iliyo kati yako na nchi kavu, wakati fungu la mchanga uliposimama bado kavu. Msikate njia katikati ya ghuba ndogo ndogo maji yakishageuka. Fuateni ukingo hata kama ni mbali zaidi.

Tarehe: anzeni siku moja kabla ya mwezi mpevu. Kwa kalenda ya mwezi ni kama tarehe 13. Mwezi wa giza nao unafaa, anzeni kwenye 28. Siku ya kwanza maji yatapwa kama saa 3 na robo asubuhi, siku ya nne kama saa 5 na robo, siku ya sita kama saa 6 na nusu mchana. Zote zinatembeleka. Mkiangalia jedwali la maji mkaona saa za siku yenu zinapishana na hizi kwa nusu saa, fuateni jedwali.

---

bintibahari

Mkaapwani kamaliza habari za maji, mie naongeza vipande. Kilomita hizi ni za kukadiria, kwa sababu ufuo unaufuata ulivyo siku hiyo.

Siku ya kwanza, Nungwi hadi Matemwe, kama kilomita 19. Hiki ndicho kipande kigumu kuliko vyote na kimekaa siku ambayo bado hamjazoea. Mkishaiacha fukwe ya Ras Nungwi mnakutana na vipande vya majabali ya matumbawe ya kale, yameliwa chini na bahari na juu yana ncha kama visu. Maji yakiwa nje unapita chini yake, juu ya mwamba tambarare wenye madimbwi. Maji yakiingia hakuna ufuo, na kupanda juu ya jabali kwa mikono ni kujichana. Ondokeni saa 12 na robo asubuhi, kukiwa tu na mwanga. Mahali mnapotaka kuwa kabla ya saa 6 mchana ni Muyuni, mkabala na kisiwa cha Mnemba, maana kuanzia hapo ni mchanga mtupu mpaka Matemwe na hata mkichelewa mtafika. Kati ya Nungwi na Muyuni msitegemee duka. Maji ya siku nzima yatoke Nungwi.

Siku ya pili Matemwe hadi Kiwengwa kupitia Pwani Mchangani, kilomita 14, rahisi. Siku ya tatu Kiwengwa, Pongwe, mpaka Uroa, kilomita 14 nyingine. Pongwe kuna mawe mawe ya kuzunguka lakini si ya kutisha. Kwenye ukanda wa hoteli tembeeni chini, kwenye mchanga unaofunikwa na maji, ambako wavuvi na wauza samaki wanapita kila siku. Mlinzi akikusimamisha, msalimie kwanza, mwambie mnapita tu kuelekea kijiji fulani. Salamu inafungua kuliko mabishano. Tatizo la hoteli si walinzi bali kuta za kuzuia mmomonyoko: maji yakijaa wimbi linapiga ukutani na ngazi zote ziko upande wa ndani.

Siku ya nne ni Uroa hadi Chwaka, kilomita 8 tu, halafu chombo mpaka Michamvi. Siku ya tano Michamvi hadi Paje kupitia Pingwe, Dongwe na Bwejuu, kama kilomita 16. Mkishuka Michamvi Kae, ambayo inatazama magharibi, msizunguke rasi kwa pwani. Kateni kwa barabara mpaka Pingwe upande wa pili, ni mwendo mfupi. Pingwe kuna ule mkahawa uliojengwa juu ya jabali baharini: ukiona wateja wanakwenda kwa miguu mna muda, ukiona wanapelekwa kwa mashua harakisheni. Siku ya sita Paje, Jambiani, Makunduchi, kilomita 17. Jambiani ni kijiji kirefu sana, mtadhani mmekimaliza kumbe bado. Baada ya ncha yake ya kusini majabali yanarudi.

Siku ya saba Makunduchi hadi Kizimkazi, kilomita 15. Mkiwa na siku 6, malizieni Makunduchi mpande daladala 310 mrudi mjini. Kulazimisha siku mbili ziwe moja, hasa Matemwe hadi Uroa, ni kilomita 28, na hiyo inavunja hesabu ya maji niliyoikuta hapo juu.

Jambo moja namrekebisha kidogo mkaapwani: maji mafu si mabaya kila mahali. Kwa kuwa hayajai sana, kwenye mchanga wazi kama Kiwengwa au Paje hubaki ukanda wa kupita mchana kutwa. Yanapokuangusha ni kwenye majabali, kwa sababu hayapwi vya kutosha kufichua mwamba wa chini. Basi mwenye kutembea vijiji vya katikati tu hana haja ya kusubiri mwezi. Mwenye kuanzia Nungwi anayo.

---

kusinikwetu

Nakubaliana na vipande, ila mwelekeo una mjadala. Januari upepo ni kaskazi, unatoka kaskazini-mashariki, mkishuka kusini unawapiga mgongoni na begani. Vizuri. Julai ni kusi, unatoka kusini-mashariki, na mkishuka kutoka Nungwi mtakula mchanga usoni siku zote. Wa Julai aanzie Kizimkazi apande juu. Jua nalo: pwani hii inatazama mashariki, asubuhi linawapiga ubavu mmoja na kuakisi kwenye maji. Mkishuka kusini sikio na shingo la kushoto ndilo linaloungua, na watu hupaka uso wakasahau nyuma ya magoti.

Kati ya miezi hiyo miwili mimi ningechagua Julai kwa sababu ya joto. Januari saa 7 mchana kwenye mchanga mweupe si mchezo. Lakini Julai kuna Mwaka Kogwa Makunduchi, na siku hizo vyumba hujaa. Ulizeni kabla. Machi hadi Mei msije, ni masika, na bamvua za kuzunguka mwezi Machi na Septemba ndizo kubwa za mwaka. Maji hufika mpaka kwenye mizizi ya mivinje.

Kuhusu kipande cha mwisho: Makunduchi hadi Kizimkazi pitieni barabara, msijaribu pwani. Pwani ya kusini ni majabali yanayosimama, na Mtende penyewe ufuo ni mfuko mdogo kati ya kuta mbili za mawe. Mnashuka kuuona, mnapanda tena kulekule. Barabara haina kivuli kingi lakini haina hesabu ya maji, mnaweza kutoka saa 12 asubuhi na kufika kabla jua halijakaza. Mkifika Kizimkazi Dimbani ulizeni msikiti wa kale. Maandishi ya Kikufi kwenye kibla chake ni ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Vueni viatu, ombeni ruhusa, sadaka ndogo inapokelewa. Kurudi mjini ni daladala 326.

Na mashamba ya mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara pwani hii, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na mpaka leo mtakuta vigingi kwa mamia na kamba zimefungwa kati yake, kimo cha goti au chini ya hapo. Maji yakiwa nje mnaviona. Maji yakifika magotini hamvioni, na kamba inakamata mguu mtu anaanguka na begi lake. Piteni kwenye njia zilizoachwa kati ya vitalu, msiruke kamba: mwani ukikatika huelea na kupotea, na hiyo ni pesa ya mtu. Picha ni baada ya kuomba.

---

kikoi_na_raba

Miguu. Hapa ndipo safari nyingi zinakufa siku ya pili, na watu wa milimani huumia zaidi kwa sababu wanakuja na buti.

Buti za ngozi acheni nyumbani. Zikilowa maji ya chumvi hazikauki usiku mmoja, mchanga unabaki ndani ya kitambaa, na ngozi ya mguu inalainika halafu inachubuka. Mnahitaji jozi mbili: raba nyepesi kuukuu yenye matundu ya kutoa maji na soli ngumu, kwa ajili ya mwamba, na ndara zenye mkanda wa kisigino kwa mchanga na kijijini. Ndara za kawaida za kidole gumba hazifai kwa kilomita 15. Mkanda wake ukishika mchanga unasaga kati ya vidole. Pekupeku inavutia, na kwa saa moja ni sawa, lakini mchanga huu wa matumbawe unakwangua unyayo polepole, husikii mpaka jioni. Kwenye mwamba pekupeku ni marufuku.

Ufuo una mteremko. Ukitembea siku nzima na bahari kushoto, mguu wa kushoto uko chini ya wa kulia na nyonga na goti vinalalamika. Dawa ni kushuka mpaka kwenye tambarare maji yanapokuwa nje, na kama hakuna tambarare, badilisheni mstari kila nusu saa. Soksi nyembamba zisizo za pamba, mafuta ya mgando kwenye vidole na kisigino kila asubuhi, na kila mnapopumzika mkung'ute mchanga. Ukisikia joto mahali pamoja, simama hapohapo ubandike plasta ya kitambaa. Ikishakuwa lengelenge umechelewa.

Kwenye madimbwi kuna mnyama mweusi wa miiba mirefu anayekaa kwenye mashimo ya mawe. Mwiba ukiingia hukatika ndani. Usichimbe kwa sindano. Toa unaoshikika kwa kibano, loweka mguu kwenye maji ya moto ya kuvumilika kwa nusu saa au zaidi, kisha siki. Kwenye maji ya magotini buruteni miguu badala ya kuinyanyua, samaki aina ya taa waliojifukia mchangani wakimbie. Taa akichoma, maji ya moto vilevile, halafu hospitali bila kungoja, kwani kipande cha mwiba hubaki na jeraha huoza.

Maji ya kunywa: lita 3 kwa mtu Julai, 4 Januari, na pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya. Visima vingi vya karibu na pwani ni vya chumvi chumvi, vinafaa kuogea. Begi lisizidi kilo 8, maji yakiwemo. Simu na pesa kwenye mfuko usiopitisha maji, lakini usiwe wa nailoni wa dukani, hiyo imepigwa marufuku. Kila mtu awe na kikoi au kanga: ni shuka, taulo, kivuli, na vazi la kupitia kijijini. Mkitoka ufukweni kuingia kijijini funikeni mabega na magoti. Mkiangukia Ramadhani, kula na kunywa fanyeni faragha, na jueni kwamba migahawa ya vijijini mchana mingi imefungwa.

---

mpanda_usambara

Nashukuru sana, hasa la buti, tulikuwa tumeshazifunga. Swali moja: hapo Chwaka. Kama tunatembea maji yakiwa nje, na chombo kinahitaji maji, si tutakwama? Na tukikosa chombo je? Pia programu ya simu inanipa maji kupwa saa 7 wakati mnasema itakuwa saa 4.

---

mkaapwani

Ghuba ya Chwaka ni pana na kina chake kidogo, upande wa kusini wote ni mikoko na matope, hakupitiki kwa miguu. Msithubutu hata mkiona njia za wakata kuni. Na ni kweli, maji yakipwa sehemu kubwa ya ghuba inabaki mchanga na majani, vyombo vinalala ubavu. Lakini mkifuata tarehe tuliyosema, saa zinajipanga zenyewe. Siku ya nne maji yatapwa saa 5 na robo. Tokeni Uroa saa 2 na nusu, mfike Chwaka kama saa 5 na nusu mchana. Pumzikeni, kuleni samaki sokoni. Vyombo vitaanza kuelea vizuri kuanzia saa 9, na maji yatajaa kabisa karibu na saa 11 na nusu jioni. Vukeni saa 9 hadi saa 10, mfike Michamvi Kae bado mchana. Kusubiri maji yajae kabisa kunawaweka kizani.

Nahodha ongeeni naye siku moja kabla, kwa simu, kupitia mwenye nyumba mtakayolala Uroa. Bei mkubaliane ya chombo kizima, si ya kichwa, na mlipe mkishuka. Jaketi za kuokolea muwe mmeziona kwa macho kabla ya asubuhi hiyo. Chombo chenye mashine ni bora kuliko tanga kwa siku ya kusi, kwa sababu mnaelekea mashariki upepo ukiwa karibu na uso. Nahodha akisema leo hapana, hapana. Hapo njia iliyobaki ni gari kuzunguka ghuba kupitia Jozani mpaka Paje, kisha kupanda Michamvi. Ni safari ndefu ya barabara, lakini siku ya tano haipotei. Au lalieni Paje moja kwa moja na kipande cha Michamvi kifanyeni bila mizigo: gari asubuhi mpaka Pingwe, miguu kurudi.

Kuhusu programu, kwanza angalia ni ya bandari gani, na umeiweka tarehe gani. Kama tarehe ni ya bamvua na bado inasema saa 7, tazama vizuri: huenda imeandika 07:00 kwa saa za Greenwich. Ongeza 3 upate 10:00, ambayo ndiyo saa 4 yetu ya asubuhi. Chukueni jedwali la bandari ya Zanzibar. Bandari iko magharibi na nyinyi mko mashariki, saa hazitofautiani sana, ila jiachieni nusu saa ya ziada kila upande.

---

bintibahari

Na nambari ya daladala ya kwendea ni 116, Nungwi. Matemwe ni 118, Kiwengwa 117, Chwaka 206, Bwejuu 324, Jambiani 309. Ziandikeni. Mmoja wenu akiumia mguu katikati, anapandia barabarani anasubiri wenzake kijiji kinachofuata. Karibu kila kijiji mtakacholala kina gari ya mjini, isipokuwa jioni. Za mwisho huondoka mapema, na baada ya magharibi ni kukodi.